Shajara ya Fremu ya Pili

Siku ya 1

Lori limeondoka saa nne asubuhi. Limebeba jigi ya fremu (kiunzi cha kubania mabomba wakati wa kuchomelea), moldi nne za mwili, pikipiki mbili za maonyesho na kompyuta yenye michoro yote. Mwakilishi wa wafadhili wetu wa zamani alikuwa mpole kupita kiasi. Alitusainisha karatasi za makabidhiano kurasa kumi na moja, akatuachia nakala, akatutakia kila la heri. Tumebaki na benchi, mashine ya kukereza, mashine ya kuchomelea, makabati ya spana na watu wanne. Mahali palipokuwa na jigi pana mstatili wa sakafu safi, rangi tofauti na kwingine kote.

Shajara hii ni agizo la wakili. Kasema tangu leo kila uamuzi wa kiufundi uandikwe: siku, aliyeamua, sababu yake. Siku moja tunaweza kuulizwa tulitoa wapi pikipiki yetu mpya, na jibu la “kichwani” halitatusaidia, kwa sababu kichwa changu nacho kilikuwa kinalipwa mshahara nao. Kwa hiyo msomaji akikuta sehemu zinachosha, ajue zimeandikwa kwa ajili ya hakimu.

Yaliyotokea kwa ufupi: walinunua hisa nyingi, nikafurahi. Mkataba ulisema kila tutakachobuni katika muda wao ni mali yao. Nilisaini nikidhani ni kanuni ya kawaida ya makaratasi. Akaja mkurugenzi mpya, akatazama hesabu, akafunga tawi la pikipiki. Hawataki kuziunda, wala hawataki kutuuzia haki. Zitakaa kabatini.

Siku ya 3

Wakili ametuketisha kutwa nzima akitenganisha vitu ambavyo mimi nilikuwa navirundika pamoja kwa jina moja, “muundo”. Nayaandika kama nilivyoyaelewa.

Hataza inalinda namna kitu kinavyofanya kazi. Tulikuwa na moja, ya kishikio cha shoki ya nyuma, ile inayomeza mitikisiko. Kwa kawaida hataza hudumu miaka 20 tangu kuombwa, kwa hiyo nitakuwa mzee itakapoisha. Umbo lililosajiliwa ni sura ya nje: tanki, taa, mkia. Katika Umoja wa Ulaya umbo laweza kulindwa hadi miaka 25 likihuishwa kila miaka mitano. Hakimiliki inashika michoro yenyewe na mafaili. Siri za biashara ni vipimo, majina ya wauzaji na matokeo ya majaribio. Alama ya biashara ni jina.

Jina ndilo liliniuma, maana ni la ukoo wangu. Lipo kwenye cheti chao, na mimi siwezi kulibandika kwenye tanki.

Halafu akasema jambo lililonikosesha usingizi. Kwenye michoro na siri, ukithibitisha hukunakili, umepona. Kwenye umbo lililosajiliwa hali si hiyo. Hata kama hukuwahi kuliona, kitu chako kikimwachia mtazamaji taswira ileile, umekiuka. Basi tunahitaji mawili kwa pamoja: tusinakili, na tusifanane. Ninayeweza kuharibu yote mawili kirahisi ni mimi niliyechora ya kwanza.

Mzee, mchomeleaji wetu, alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: “Sasa bosi, kuchomelea ninavyochomelea mimi nako ni mali yao?” Wakili akacheka, akasema ujuzi wa mikono hauhamishwi kwa mkataba. Mzee akasema basi yeye yuko tayari hata kesho.

Siku ya 6

Usiku huu nimerudia habari za Erik Buell. Nilikuwa nazijua juujuu, kama anavyozijua mpenda pikipiki yeyote. Safari hii nimezisoma kama mgonjwa anayesoma habari za mgonjwa mwenzake.

Alikuwa mhandisi wa Harley-Davidson, akaanza kuunda pikipiki zake mwaka 1983. Mwaka 1993 Harley ikanunua asilimia 49 ya kampuni yake. Mwaka 1998 ikafika 98, na 2003 ikachukua yote. Oktoba 2009 ikatangaza kuifunga. Mwaka huohuo Danny Eslick alikuwa ametwaa ubingwa wa mbio za Daytona SportBike huko Marekani akiwa juu ya Buell 1125R. Yaani hawakufungwa kwa kushindwa barabarani.

Mwezi uliofuata, palepale East Troy, Wisconsin, akafungua Erik Buell Racing. Chapa ya Buell ilibaki Harley, ndiyo maana akasimama na jina lake zima. Alianza na pikipiki za mashindano pekee, na 2011 akatoa 1190RS ya barabarani. Hapo nilikuwa nashangilia peke yangu jikoni. Halafu mwaka 2013 Hero MotoCorp ya India ikanunua asilimia 49.2 kwa dola milioni 25, na Aprili 2015 kazi ikasimama tena. Mtu mmoja, mlango uleule mara mbili: mfadhili mkubwa, karibu nusu ya hisa.

Simlaumu. Kuipitisha pikipiki ya barabarani kwenye vipimo vya moshi, kelele na breki kunakula pesa ambazo karakana haina. Lakini ile 49 na ile 49.2 nimeziandika kwa chaki ukutani, juu ya mashine ya kukereza. Dada wa hesabu ameuliza ni vipimo vya nini. Nimemwambia ni vipimo vya mlango.

Siku ya 11

Injini. Ya zamani ilikuwa silinda mbili, ikitolewa na mtengenezaji aliyekuwa na mkataba na wafadhili, si na sisi. Nimepiga simu. Wako tayari kutuuzia, ila kwa idadi ya chini inayozidi pikipiki zote nilizowahi kuunda maishani.

Kijana wetu mpya kapendekeza tuunde injini yetu wenyewe. Nimemsimulia Bimota. Wale Waitaliano wa Rimini walijijengea heshima tangu miaka ya 1970 kwa kutengeneza fremu bora kuzunguka injini za watu wengine. Mwaka 1997 wakatoa V Due, yenye injini yao wenyewe ya mipigo miwili, cc 500, mafuta yakiingizwa kwa sindano. Mfumo wa mafuta ukasumbua, pikipiki zikarudishwa, na kampuni ikaishia kwenye ufilisi. Kijana akanyamaza, akaenda kufagia.

Tumeamua injini ya silinda moja, cc 690, kutoka pikipiki zilizopata ajali. Pikipiki iliyopinda fremu haina thamani kwa mwenye bima, ila injini yake mara nyingi ni nzima. Tumepata tatu. Shida yake ni umeme. Kompyuta ya injini haikubali kuwaka mpaka ione ufunguo wake, dashibodi yake na kihisi chake cha kuanguka, hivyo lazima uhamishe nyaya zote kama mtu anayehamisha mshipa wa fahamu. Kijana amekaa siku mbili chini ya taa na mkanda wa karatasi, akiandika jina la kila waya. Kazi hiyo kaifanya vizuri kuliko ambavyo ningeifanya mimi.

Siku ya 19

Leo shingo ya fremu, yaani bomba ambamo usukani unazungukia. Hesabu za zamani nazijua kwa moyo, na kwa sababu hiyohiyo siziandiki hapa. Tumeanza na tairi.

Gurudumu la mbele, na tairi lake, lina nusukipenyo cha 300 mm hivi. Vishikio vya foko, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, vinazisogeza mbele ya mhimili wa shingo kwa 30 mm. Ukiilaza shingo digrii 24 kutoka wima, mstari wa shingo unagusa ardhi 101 mm mbele ya mahali tairi linapogusa. Umbali huo ndio unaoifanya pikipiki ijinyooshe yenyewe ukiachia usukani. Ukilaza hadi digrii 25 unapata 107. Ukisimamisha hadi 23.5 unapata 98. Nusu digrii ni milimita tatu, na milimita tatu mpanda pikipiki mzoefu anazihisi kwenye kona ya kwanza.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Buell XB9R ilikuwa na digrii 21, 83 mm, na umbali wa 1320 mm tu kati ya ekseli na ekseli. Petroli waliiweka ndani ya fremu na oili ndani ya mkono wa nyuma, ule unaoshika gurudumu la nyuma, ili uzito ukae katikati na chini. Wazo tamu. Lakini hizo ni mbavu za aluminiamu zilizotolewa kiwandani kwa moldi kubwa, na sisi tuna mabomba na tochi.

Uamuzi: digrii 24, 101 mm. Sababu: silinda moja inatetemesha usukani, na nataka pikipiki itulie yenyewe kabla ya kumwomba mpandaji aitulize. Ameamua: mimi. Shahidi: mzee, aliyekuwa anakunywa chai.

Siku ya 20

Aluminiamu au chuma? Chuma. Aluminiamu ya 6061 ikichomelewa inapoteza nguvu pembeni ya mshono mpaka fremu nzima irudishwe kwenye tanuru, na tanuru la kuimeza fremu hatuna. Chuma cha kromoli 4130 chenye ukuta mwembamba kinachomelewa kwa gesi ya agoni na kuachwa kipoe polepole. Imeisha.

Siku ya 26

Jambo la aibu. Nilikaa kuchora tanki. Nilijiambia nitaanza upya kabisa, nikaweka karatasi kubwa, nikachora kwa mkono wa kushoto ili kujichanganya. Baada ya saa moja nikainua karatasi, na kumbe ni lilelile. Mgongo uleule unaoanguka kuelekea kiti, mbonyeo uleule wa goti. Mkono wa kushoto ulikuwa umelichora vibaya, lakini umelichora.

Nimeichana. Halafu nikakumbuka kuwa wakili alisema tusichane kitu. Nimeigundisha kwa selotepu, iko kwenye bahasha namba 7.

Jioni nimefanya nilichokuwa nakikwepa. Nimejitoa kwenye umbo. Kijana amekuja kwetu baada ya lori kuondoka. Hajawahi kuona mchoro wa zamani, na ile pikipiki ameiona kwenye picha tu kama mtu mwingine yeyote. Mimi nitamwandikia mahitaji kwa maneno: lita 14, magoti ya mtu wa urefu huu yakae hapa, kifuniko kifike kwa mkono wa kulia, chini pabaki nafasi ya kisanduku cha hewa cha lita 8. Picha sitampa, wala sitagusa kalamu yake. Wakili ataangalia mwisho kama matokeo yanafanana na yale ya kabatini.

Nilipomwambia, kijana aliniuliza: “Na kama silipendi utakaloniambia, bosi?” Nikamwambia andika kwamba hulipendi, na tarehe.

Siku ya 33

Tanki la kwanza la kijana ni baya. Linafanana na begi la shule. Nimekaa kimya kama nilivyoahidi, nimetoka nje nikahesabu magari.

Siku ya 40

Fremu imeanza kusimama. Jigi mpya tumeitengeneza kwa boriti mbili za chuma na mabamba tuliyoyakereza wenyewe. Haipendezi, ila imenyooka. Tumepima ulalo kutoka kona hadi kona, tofauti ni nusu milimita.

Mzee hachomelei upande mmoja ukaisha. Anashika nukta chache, anahamia upande wa pili, anarudi, kwa sababu kila mshono ukipoa unavuta bomba kwake. Ukichomelea upande mmoja wote, unafungua jigi na fremu inageuka kukutazama. Midomo ya mabomba anaikata kwa msumeno na faili hadi ikalie mwenzake bila mwanga kupita. Nilitaka tununue mashine ya kukata midomo hiyo. Alinitazama kwa huruma.

Saa tisa alasiri tumefungua jigi. Shingo imetoka nje kwa 0.8 mm. Mzee kasema angetaka 0.5, na mimi nilikuwa tayari kwa 2.

Siku ya 45

Wenye pikipiki zetu za zamani wanapiga simu wanataka vipuri. Bearingi, pedi za breki, cheni na sproketi ni vya kawaida sokoni, tunawaelekeza namba. Vya mwili hatugusi. Mama mmoja mwenye pikipiki namba 12 amelia kwenye simu kwa sababu ya kioo cha taa. Sikuwa na la kumwambia.

Siku ya 58

Ufa.

Tumejenga mtambo wa kutesa fremu: mota, gurudumu lenye mhimili wa pembeni, na fimbo inayoisukuma na kuivuta shingo mara mbili kila sekunde. Unaachwa usiku kucha unakohoa. Kwenye mzunguko wa elfu 60 na kitu, mzee alipaka ile rangi nyekundu inayopenya, akaifuta, akapulizia unga mweupe. Ukajitokeza mstari mwembamba kama unywele, chini ya shingo, mahali bamba la kuimarisha linapoishia juu ya bomba la chini.

Tumeshinda tunautazama. Wa kwanza kusema mshono ni mbaya nilikuwa mimi, na nilikosea. Mzee aliukata ukipita katikati, akausugua, akaupaka asidi, na ndani ulikuwa mzima. Kosa lilikuwa kwenye mchoro wangu. Nilikuwa nimelikata bamba lile kwa mstari ulionyooka, likaishia kwa mshono unaolivuka bomba kwa upana. Upande mmoja wa mstari huo bomba ni gumu sana kwa sababu lina bamba, na upande wa pili ni laini. Kila mpigo wa shingo ulikuwa unakunja bomba palepale, kwenye ukingo, kama mtu anayekunja waya mpaka ukatike.

Dawa yake ni ya kale na nilitakiwa kuijua. Ncha za bamba zinakatwa kama mkia wa samaki, ili ugumu upungue kidogokidogo. Mshono unafuata urefu wa bomba na hauvuki kwenye upande unaovutwa. Bamba lenyewe limekuwa jembamba zaidi, milimita 2 badala ya 3. Limekuwa jembamba na fremu imekuwa na nguvu zaidi. Dada wa hesabu hakuamini, ikabidi nimchoree.

Siku ya 63

Mgeni. Ana pesa, anapenda pikipiki, anajua anachokisema. Alikaa juu ya fremu tupu akashika usukani ambao haupo. Anataka asilimia 49, na haki za muundo ziwekwe kama dhamana “mpaka mambo yakae sawa”.

Dada wa hesabu hakujibu kitu, alitazama tu ule ukuta wa chaki. Mgeni akafuata macho yake akasoma: 49, 49.2. Akauliza ni nini. Nikamsimulia. Alisikiliza kwa heshima, kisha akasema lakini bila mtaji hamtafika. Ni kweli, na ndiyo maana sikumfukuza.

Tumempa pendekezo lingine. Haki zote zinabaki kwenye karakana. Yeye anapewa leseni ya kuuza modeli hii katika eneo lake kwa muda maalumu, analipa sehemu mbele, na leseni inakufa yenyewe akiacha kuuza kwa mwaka mzima. Akifunga biashara, michoro haimfuati kabatini. Kasema atafikiri. Alipoondoka mzee aliniuliza kama nimefukuza riziki. Sikumjibu, kwa sababu sijui.

Siku ya 71

Fremu ya pili yenye mikia ya samaki imepita mizunguko laki mbili, haina kitu. Mota ya mtambo ndiyo imeungua.

Siku ya 77

Imetembea. Uwanja mtupu, asubuhi, bila tanki. Petroli ilikuwa kwenye chupa iliyofungwa kwa mpira juu ya fremu. Nilienda kwa mwendo wa kutembea, nikabana breki, nikaruka matuta, nikaachia usukani. Ilijinyoosha. Ninaandika neno hilo moja na sitaongeza.

Halafu nikafungua mafuta kwa nguvu na nyuma ikakaa chini kama ng'ombe. Mbele ikawa nyepesi, na kwenye kona ikaanza kutanua njia. Kijana alidhani ni shoki laini. Tumekaza springi, imekuwa ngumu kwenye matuta, na bado inakaa.

Siku ya 79

Si springi. Ni kimo cha bolti inayoshika mkono wa nyuma. Cheni ikivuta, inavuta kwa pembe fulani, na mkono wa nyuma nao una pembe yake. Vikipangwa sawa, mvuto wa cheni unasaidia kuinua nyuma wakati uzito unataka kuishusha. Bolti yetu ilikuwa chini mno, kwa hiyo msaada haukutosha.

Kwa bahati nilikuwa nimeacha matundu makubwa, na bushi zake, pete za chuma zinazoshika bolti, zinatoka. Nimekereza bushi mpya zenye tundu la pembeni. Ukizigeuza, bolti inapanda. Tumejaribu mm 4, kisha 8, kisha 12. Kwenye 12 nyuma inanyanyuka na pikipiki inaruka kama mbuzi ikikutana na shimo ikiwa imefunguliwa mafuta. Kwenye 8 imetulia. Uamuzi: 8, na bushi ziachwe zinageuzwa, ili mwenye pikipiki ajipangie. Kwa hesabu ya hakimu: hili halikuwepo kwenye ya zamani kabisa. Ya zamani bolti ilikuwa haisogei.

Siku ya 88

Tanki la nne la kijana. Amelileta likiwa la udongo, amelifunika kwa taulo. Lina mgongo uliokatwa bapa juu, na mabega mawili makali yanayoshuka hadi kwenye injini. Kalitazama ekzosi lilivyopinda, akalifuata. Nisingeweza kulichora. Silipendi sana bado, nimeandika hivyo, na tarehe. Wakili alilizunguka mara mbili na picha za cheti mkononi, akasema hana wasiwasi nalo.

Mzee kalipapasa begani kwa kiganja, akasema hapa karatasi ya chuma itagoma kukunjwa, tutakata vipande viwili. Kijana akauliza mshono utaonekana. “Wangu?” akasema mzee.

Siku ya 96

Mgeni amerudi na leseni iliyosainiwa, kafuta mistari miwili na kuongeza mmoja. Wakili anaisoma. Mistari aliyoifuta siyo ile niliyoiogopa.

Tumegonga namba ya fremu shingoni leo, herufi kwa herufi, kwa nyundo. Sehemu ya jina la mtengenezaji kwenye fomu ya usajili bado ni tupu. Kijana kaandika orodha ya majina sita kwenye kipande cha boksi, mzee kayakataa matano. Kifuniko cha klachi kinavuja oili kidogo upande wa chini. Gasketi imeagizwa.